Nia tano, jalada moja: uchambuzi wa kisa cha wafanya usafi 11 na kliniki ya sheria

Kuhusu kisa hiki

Shauri hili lilishughulikiwa na kliniki ya sheria ya chuo kikuu kimoja, yaani ofisi ambako wanafunzi wa sheria na mawakili wanaojitolea huwasaidia watu bila malipo. Nchi, mji, chuo, kampuni na majina ya watu vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Sikuwa miongoni mwa walioshughulikia shauri hilo. Niliombwa nilisome jalada na kuzungumza na waliojitolea, nikiwa na swali moja nililopewa na uongozi wa kliniki: ilikuwaje shauri jepesi, lenye ushahidi mzuri, likakaribia kupitwa na muda likiwa mikononi mwa watu watano wenye nia njema?

Kulijibu kulinipeleka kwenye swali jingine, ambalo kliniki nyingi hulikwepa kwa adabu. Hawa watu watano walikuja kutafuta nini?

Usuli

Wateja walikuwa wafanya usafi 11 wa jengo la ofisi, wengi wao kina mama wa makamo. Mwajiri wao alikuwa mkandarasi wa usafi, si mwenye jengo. Mkataba kati ya mkandarasi na mwenye jengo ulipoisha, zabuni ilikwenda kwa kampuni nyingine iliyokuja na watu wake. Ijumaa jioni msimamizi akawaambia wasirudi Jumatatu. Barua hawakupewa. Mishahara ya miezi 2 ya mwisho ilikuwa haijalipwa, notisi hawakupata, na habari ya likizo hawakuwahi kuisikia tangu waajiriwe.

Hakuna aliyekuwa na mkataba wa maandishi. Mshahara ulilipwa taslimu, na kila mmoja alitia sahihi kwenye daftari ambalo msimamizi alitembea nalo kwenye mkoba. Ila mama mmoja, ambaye baadaye wenzake walimfanya msemaji wao, alikuwa na mazoea ya kupiga picha ukurasa kwa simu kila alipotia sahihi, "nisije nikaambiwa nimeshachukua". Picha nyingine zimekatwa pembeni, nyingine zina kidole gumba chake kimefunika nusu ya safu ya tarehe. Hizo ndizo zilizolibeba shauri zima, maana majina ya wote 11 yalionekana humo, mwezi baada ya mwezi.

Sheria ya kazi ya mahali pale inatoa siku 30 kufungua malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali. Madai ya mshahara yana muda mrefu zaidi. Walifika kliniki siku ya 15, Jumamosi, baada ya kuzungushwa kwenye ofisi ya mkandarasi mpaka wakachoka.

Wakili wa kulipwa hakuwamo kwenye hesabu zao, kwa kuwa ada yake ingemeza karibu kila walichodai. Na serikali zinapotenga fedha za msaada wa kisheria, mara nyingi huanzia kwenye jinai, ambako mtu anaweza kufungwa. Shauri maarufu la Gideon dhidi ya Wainwright la mwaka 1963, ambamo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili, lilihusu jinai tu. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisogea mbele kidogo katika shauri la Airey dhidi ya Ireland, la mwanamke aliyetaka kutengana kisheria na mumewe lakini hakuwa na fedha za wakili. Mahakama ilisema hata kwenye mashauri ya madai, yasiyo ya jinai, kuna wakati ambapo kumwambia mtu "nenda kajitetee mwenyewe" ni kumnyima haki ya kusikilizwa. Lakini kati ya kufungwa jela na kesi nzito kama ile limebaki eneo pana la mishahara, kodi za nyumba na matunzo ya watoto, na sehemu kubwa ya eneo hilo wameachiwa wanaojitolea. Wafanya usafi hawa walikuwa humo.

Waliojitolea, na kilichowaleta

Nilizungumza na kila mmoja peke yake, na wote niliwauliza kwa nini walijiunga. Nayaandika majibu kama yalivyokuwa, kwa sababu hayafanani na yale yaliyomo kwenye taarifa ya mwaka ya kliniki, ambako kila mtu amekuja "kuitumikia jamii".

Wakili wa Kwanza anafanya kazi kwenye kampuni kubwa ya mawakili, upande wa mikataba ya kibiashara. Kampuni yake huhesabu saa za kujitolea katika tathmini ya mwaka, na alilisema hilo kwanza. Alipoona sijashtuka akaongeza kwamba tangu aanze uwakili wateja wake wote ni kampuni, na alitamani walau mara moja ashughulikie shauri la mtu mwenye uso.

Wakili Mstaafu alikuja kwa sababu anapenda kufundisha, na pia, kwa maneno yake, "nyumbani hakuna anayenibishia tena". Sidhani kama alikuwa anatania.

Mwanafunzi A alilelewa na shangazi aliyefanya kazi za ndani miaka mingi na kuondoka mikono mitupu. Hakuhitaji kufikiri kabla ya kujibu.

Mwanafunzi B alitaka kusimama mbele ya hakimu. Tangazo la kliniki lilisema "jifunze sheria mahakamani", akajiandikisha siku hiyohiyo. Alitaka pia kitu cha kuandika kwenye wasifu wake wa kazi, na hakuona sababu ya kuficha.

Mwanafunzi C alilazimika. Chuo chake kinataka kila mwanafunzi wa sheria awe na saa kadhaa za huduma kabla ya kuhitimu, na Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa na nafasi. "Nisingelazimishwa nisingekuja," alisema. Sharti la namna hiyo si geni. Jimbo la New York, tangu mwaka 2015, linamtaka anayeomba kuandikishwa kuwa wakili awe amefanya saa 50 za huduma ya bure. Kwa waliokwisha kuandikishwa, kanuni za mfano za Chama cha Mawakili cha Marekani zinataja saa hizohizo 50 kwa mwaka, ila kama lengo, bila adhabu kwa asiyelifikia.

Kama ningeambiwa nitabiri nani ataokoa jalada hili, nisingemtaja C.

Mambo yalivyokwenda

Jumamosi ya kwanza A ndiye aliyekaa na wateja. Alichukua maelezo ya kila mmoja, wengine kwa zaidi ya saa nzima, na ni katika mazungumzo hayo, si katika fomu, picha za daftari zilipojitokeza. Msemaji alikuwa amezitaja kama jambo dogo tu. A akamwomba simu, wakazipitia pamoja moja baada ya nyingine, akaandika tarehe kando ya kila picha. Maelezo aliyoandika ni kazi bora kuliko zote zilizomo kwenye jalada.

Jioni ya siku hiyohiyo, wateja wakiondoka, msemaji alimuuliza, "Mwanangu, lakini tutalipwa kweli?" A akamjibu, "Mama, haki yenu iko wazi. Mtalipwa." Hakuna mwanasheria aliyekuwepo kumsikia. Nimelipata kwa msemaji mwenyewe, na A hakulikana.

Siku ya 17 Wakili wa Kwanza aliandika barua ya madai kwa mkandarasi na kumpa siku 7 za kujibu. Barua ilikuwa kali na imepangika vizuri. Tatizo ni kwamba baada ya barua kutoka, kila mtu kliniki alitulia akisubiri jibu, kana kwamba nayo saa imesimama. Barua ya madai haisimamishi muda wa kisheria. Wote wanalijua hilo, na wote wangelijibu sawasawa kwenye mtihani.

Siku ya 24, Jumatatu, mambo matatu yakagongana. Siku 7 za barua ziliisha bila jibu. Mitihani ya chuo ikaanza. Na Wakili wa Kwanza, akifikiria kumwunganisha mwenye jengo kama mlalamikiwa wa pili, aliliingiza jina lake kwenye mfumo wa kampuni yake wa kukagua wateja, akakuta ni mteja wao wa miaka mingi. Kliniki ilikuwa imemwuliza kuhusu mkandarasi peke yake.

Akajitoa siku hiyo. Aliacha waraka wa ukurasa mmoja wa kukabidhi kazi, na kwa kuwa hakuruhusiwa kutoa siri ya mteja wa kampuni yake, hakuweza kuwaambia wafanya usafi zaidi ya kwamba "limetokea jambo la kitaaluma". Waraka ulisema muda wa kufungua shauri "unakaribia". Haukutaja tarehe.

B hakuonekana tena tangu wiki hiyo. A alikuwa kwenye mitihani, akijibu simu za msemaji usiku.

Siku ya 27, Alhamisi, C alikuwa anajaza fomu yake ya saa ili isainiwe kabla ya muhula kufungwa. Fomu hiyo ina kisanduku ambacho wanafunzi wengi hukiruka: "Kazi inayofuata, na tarehe yake ya mwisho". Msimamizi wa saa wa chuo chake ana sifa ya kurudisha fomu zisizokamilika, kwa hiyo C alifungua jalada kutafuta cha kuandika. Akahesabu siku. Siku ya 30 iliangukia Jumapili, na ofisi ya usuluhishi haifunguliwi mwisho wa wiki. Alimpigia simu Wakili Mstaafu, ambaye alimwambia jambo moja tu: kesho asubuhi.

Usiku ule C na A, mwenye mtihani asubuhi yake, waliwatafuta wateja wote. Wawili walikuwa wamesafiri na simu zao hazikupatikana. Ijumaa, siku ya 28, malalamiko ya watu 9 yalipokelewa na kugongwa mhuri. Ya wawili waliobaki yalifunguliwa siku 12 baadaye, pamoja na ombi la kuongezewa muda.

Miezi miwili baadaye wakaitwa kwenye usuluhishi. Mkandarasi alianza kwa kutoa mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mtu, hapohapo, na mambo yaishe. Baada ya asubuhi nzima ya kuvutana alifika hapa: mishahara yote ya miezi 2 kwa wote 11, kwa awamu mbili, pamoja na malipo ya notisi kwa wale 9. Fidia ya kuachishwa hakutaka hata kuisikia.

Maamuzi matatu yenye uzito

La kwanza ni la Wakili wa Kwanza kujitoa kabisa. Wapo waliomshauri aendelee na madai dhidi ya mkandarasi tu na kumwacha mwenye jengo nje ya shauri. Alikataa, na alikuwa sahihi. Alishasoma maelezo ya wateja, yakiwemo yanayosema nani wa upande wa mwenye jengo alijua nini kuhusu mishahara. Mtu aliyeyasoma hayo hawezi kumtumikia mwenye jengo Jumanne kana kwamba hajayasoma. Marekani ina kanuni nafuu kwa mawakili wanaotoa ushauri wa muda mfupi kwenye kliniki, wasilazimike kukagua orodha nzima ya wateja wa kampuni zao kabla ya kuzungumza na mtu, lakini nafuu hiyo humlinda wakili asiyejua. Akishajua, haimsaidii. Na shauri hili halikuwa ushauri wa dakika 20.

La pili ni la Wakili Mstaafu kufungua malalamiko mepesi dhidi ya mkandarasi peke yake. A alitaka mwenye jengo aunganishwe, kwa hoja kwamba mkandarasi ni mwepesi wa kutoweka. Hoja hiyo baadaye ilikuja kuonekana ina ukweli mwingi. Lakini ikiwa imebaki asubuhi moja, hati yenye walalamikiwa wawili na nadharia mbili za kisheria ilikuwa na nafasi kubwa ya kurudishwa dirishani. Alichagua kinachopokelewa.

La tatu ndilo linalobishaniwa hadi leo pale kliniki. Pendekezo la mwisho la mkandarasi lilipokuwa mezani, Wakili Mstaafu aliwaomba wanafunzi watoke ili wateja waamue bila kelele. Alimwuliza kila mmoja kodi yake ya nyumba inadaiwa lini, na kama ataweza kusubiri mwaka. Wanane kati ya wale 9 walikubali, na wale wawili waliochelewa wakachukua mishahara. Msemaji alikataa. Alisema ameahidiwa haki yake, naye ataisubiri.

Matokeo

Awamu ya kwanza ililipwa kwa wakati. Ya pili ililipwa baada ya C kuandaa ombi la kukaza makubaliano, yaani la kumlazimisha mkandarasi atimize alichokubali, wakati ambapo saa zake zote zilikuwa zimeshatimia na kusainiwa. Ombi la wale wawili la kuongezewa muda lilikataliwa, kwa kuwa kusafiri peke yake hakukuonekana ni sababu ya kutosha, hivyo notisi waliikosa.

Shauri la msemaji lilikwenda mbele ya mwamuzi. Na hapo B akarudi. Aliposikia kuna kusikilizwa mashahidi alijitokeza mwenyewe, akaandaa maswali ya kumhoji msimamizi wa mkandarasi kuhusu daftari, ukurasa kwa ukurasa, kwa kutumia zile picha. Msimamizi alikuwa amesema daftari limepotea. Alipoonyeshwa sahihi yake mwenyewe chini ya ukurasa, alikiri kwamba ndilo. Msemaji alishinda: mishahara, notisi, likizo na fidia, jumla yake zaidi ya mara 3 ya walichopata wenzake.

Mpaka ninaandika haya hajalipwa chochote. Mkandarasi amefunga ofisi.

Uchambuzi

Maelezo rahisi ya kisa hiki ni kwamba A alikuwa na moyo, C na Wakili wa Kwanza walifuata saa, na B alifuata umaarufu. Ndivyo wengi pale kliniki walivyonisimulia mwanzoni, na ndivyo wanavyochagua watu wa kupokea kila mwaka: barua ya maombi yenye machozi hupita, yenye kutaja wasifu wa kazi huwekwa pembeni. Jalada linasema mengine.

Watafiti wa kujitolea walishalikuta jambo hili zamani. Mwaka 1995 Allen Omoto na Mark Snyder walichapisha utafiti juu ya watu waliojitolea kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Waliodumu muda mrefu zaidi ni wale waliotaja sababu za kujinufaisha wenyewe, kama kujifunza, kukua, kujisikia vizuri. Moyo wa kusaidia, peke yake, haukuonyesha nani atabaki. Nilipowasomea hilo wasimamizi wa kliniki, mmoja alikasirika kidogo. Lakini linaeleweka. Anayekuja kupata kitu huendelea kuja maadamu anakipata. Anayekuja kwa huruma tupu hukutana na mkandarasi asiyejibu barua, mteja anayepiga simu usiku, mwamuzi anayeahirisha, na huruma haimpi cha kurudishia nguvu.

Ninachotoa mimi kwenye kisa hiki ni hiki: kila nia ina mahali inapofanya kazi vizuri na mahali inapovunjika, na mahali pa kuvunjika panaweza kujulikana mapema. Ukishajua mtu kaja kwa nini, umeshajua atakuangusha wapi.

Chukua A. Uchungu wake ndio uliowafanya wateja wafunguke. Mtu anayesikilizwa na mwenye haraka hataji picha zilizomo kwenye simu. Lakini uchungu huohuo ulimfanya ashindwe kumwambia msemaji jambo baya. Ahadi ni deni, na deni hili alilikopa A na kumwachia msemaji alilipe. Aliposema "mtalipwa" alichanganya vitu viwili ambavyo mwanasheria hulipwa ili avitenganishe, yaani kuwa na haki na kupata fedha. Siku ya usuluhishi msemaji hakuwa anapima pendekezo la mkandarasi. Alikuwa anapima kama kijana aliyemwamini alisema kweli. Sisemi alikosea kukataa, maana tuzo, yaani uamuzi kwamba alipwe, anayo, na mkandarasi anaweza kupatikana. Nasema alikataa bila kujua uwezekano wa kutolipwa kabisa ni mkubwa kiasi gani, na kazi ya kumjulisha ilikuwa ya kliniki.

Hapa pia ndipo ninapotofautiana na waliompongeza Wakili Mstaafu kwa kuwatoa wanafunzi nje. Swali lake kuhusu kodi lilikuwa swali sahihi, tena la mtu aliyeona mashauri mengi. Lakini alipomtoa A alimtoa mtu pekee ambaye msemaji angekubali kusikia kutoka kwake kwamba huenda asilipwe. Mbele yake akabaki mzee mmoja mwenye sauti ya upole anayemshauri achukue kidogo, na upande wa pili wa meza msuluhishi mwenye sauti ileile. Ningekuwa mimi, ningemwacha A ndani na kumpa yeye ndiye aseme. Ingemuuma, na ingemfundisha zaidi ya muhula mzima. Udhaifu wa nia ya mstaafu uko hapohapo: aliyekuja ili asikilizwe hukosa wa kumwuliza swali. Kliniki nzima ilimheshimu kiasi kwamba hakuna aliyethubutu.

B ameitwa msaliti na wenzake, na sioni kama ni haki kumwita hivyo. Aliambiwa atajifunza mahakamani, akapewa kunakili maelezo. Mwaka 1998 Gil Clary, Mark Snyder na wenzao walipanga sababu za kujitolea katika makundi sita: maadili ya mtu, kutaka kuelewa, kuungana na watu wake, kazi na ajira, kujikinga na hisia zinazomlemea, na kujijenga. Walichosisitiza ni kwamba mtu huridhika na kutaka kuendelea pale kazi anayopewa inapolingana na sababu iliyomleta. B ni mfano wa pande zote mbili ndani ya jalada moja. Kazi isiyomhusu ilimkimbiza, kazi inayomhusu ilimrudisha, na aliporudi alifanya jambo ambalo A asingeweza kulifanya kwa utulivu ule. Wiki ya mitihani angepewa kuandaa hoja za usuluhishi, jambo lenye kubishana ndani yake, huenda asingeondoka.

C ndiye anayehitaji uangalifu, kwa sababu ni rahisi kusema: basi, tulazimishe wote. Utafiti wa Arthur Stukas, Snyder na Clary wa mwaka 1999 uliwaangalia wanafunzi waliolazimishwa kujitolea, ukakuta kwamba kwa waliojiona wamebanwa sana, mazoea ya kujitolea ya zamani hayakuongeza tena nia ya kujitolea siku za mbele, kama yalivyofanya kwa wengine. Kilichofanya kazi kwa C si amri yenyewe. Ni ile karatasi. Sharti la saa lilizaa fomu, fomu ikawa na kisanduku cha tarehe, na kisanduku kikawa na mtu mkali wa kukikagua. A hakuwa na karatasi yoyote inayomwuliza tarehe. Wala mawakili. Katika kliniki hiyo, kumwomba aliyekuja kwa hiari aeleze amefanya nini kulionekana kama utovu wa shukrani.

Halafu kuna kile kipande cha mwisho, ambacho orodha ya makundi sita hainipi pa kukiweka sawasawa. Saa za C zilikuwa zimeisha. Nilimwuliza kwa nini alirudi kuandaa ombi la kukaza makubaliano. Alijibu kwamba jina lake lilikuwa kwenye jalada na hakutaka mtu mwingine aje aliharibu. Si huruma hiyo, wala si wasifu wa kazi. Ni ile hali ya fundi asiyependa kuacha mlango aliouning'iniza ukiwa unakwaruza. Nimeiona kwa mawakili wengi wa kulipwa, na nadhani ndiyo inayowafanya wengine wajitolee miaka nenda miaka rudi, ingawa wakiulizwa hutaja haki na jamii. Kliniki haiwezi kuwatafuta watu wa namna hiyo kwa tangazo. Inaweza kuwapa nafasi watokee, kwa kumpa mtu mmoja jalada liwe lake tangu kupokelewa hadi kufungwa. Kazi zikigawanywa vipandevipande, kama zilivyogawanywa hapa, hakuna anayekuwa na mlango wa kuonea fahari.

Kuhusu Wakili wa Kwanza nina machache. Nia yake ilifanya kazi ilivyotarajiwa. Kampuni kubwa inapomtuma mtu, huja na barua nzuri, uzoefu, na mfumo wa kukagua wateja, na huja pia na orodha ndefu ya wateja ambao siku moja watakuwa upande wa pili. Hilo si kosa la mtu. Lilitakiwa kuulizwa siku ya 15, kwa kutaja kila jina lililotokea kwenye maelezo, si la mwajiri peke yake.

Kilichobadilishwa

Kliniki sasa inaandika siku ya mwisho ya kufungua shauri kwa kalamu nyekundu juu ya jalada siku mteja anapopokelewa, pamoja na siku ya wiki inayoangukia. Ukaguzi wa mgongano wa maslahi unahusu majina yote. Hati ya kukabidhi kazi haipokelewi bila tarehe. Kila jalada lina mwenyewe mmoja, mwanafunzi, na wakati wa mitihani wakili mmoja hutajwa kwa jina kuwa mlinzi wake. Mteja hupewa barua fupi inayosema anachodai, uwezekano wa kushinda, na, kwa aya ya peke yake, uwezekano wa kulipwa baada ya kushinda.

Kwenye fomu ya kujiunga swali la "kwa nini unataka kujitolea" limebaki, ila limeongezewa maelezo kwamba hakuna jibu linalomwondoa mtu. Mwaka wa kwanza wa fomu hiyo, waombaji wengi waliandika "uzoefu" bila kuremba. Mratibu aliniambia imemrahisishia kupanga kazi.

Jambo moja halijaafikiwa. A anataka kliniki ifungue shauri jipya dhidi ya mwenye jengo ili tuzo ya msemaji ipate pa kulipwa, na ameandika hoja ya kurasa 9. Wakili Mstaafu anaona hoja hiyo ni dhaifu kisheria, na B anaona inabishanika. Kikao cha kuamua kimeitishwa, na safari hii msemaji amealikwa kuwa ndani.